Jibini Juu ya Bryn Eithin

Siku ya kwanza Bwana Giles aliingia dukani kwa Bi Beti akiwa na buti mpya za mpira ambazo hazijawahi kuonana na tope, akatuambia kwamba tangu utotoni ameipenda sana sehemu hii ya Uingereza.

Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta napanga mayai. Bi Beti alikuwa anamhudumia Mzee Emrys wa Pen-y-bont. Huku ni Wales, nchi yenye lugha yake, ila tumeshazoea. Wapo wanaodhani Wales ni wilaya ya Uingereza yenye mvua nyingi. Wapo wanaokuja na ramani ambayo haina hata jina letu, wakatuuliza wamepotelea wapi. Na kuna mama mmoja wa Kimarekani aliyetaka kujua kama Kiwelshi tulikitunga kwa ajili ya watalii. Nilimwambia ndiyo, tulikaa kikao.

"Samahani," Giles akasema, anatabasamu kama mtu aliyefumania wezi. "Mlikuwa mnaongea Kiwelshi. Mlianza nilipoingia, eti?"

"Ndiyo," akajibu Mzee Emrys. "Tukiwa wenyewe huwa tunaongea Kiingereza. Kiwelshi kinatuchosha, ila mgeni akiingia inabidi tujitahidi."

Giles akacheka, kisha akaacha kucheka, akatutazama mmoja mmoja. Hakuwa na uhakika. Mpaka leo sidhani kama anao.

Huyo ndiye aliyenunua Bryn Eithin.

Bryn Eithin ni nyumba ya mawe juu ya kijiji chetu, kwenye kilima chenye vichaka vya miiba vinavyotoa maua ya njano, na jina lake maana yake ni hiyohiyo, kilima cha vichaka hivyo. Babu yangu Ifan alizaliwa humo. Alifugia kondoo wake humo, akamwoa bibi yangu Annie humo, na jeneza la bibi lilitokea mlango uleule aliouingilia akiwa bibi harusi. Lakini nyumba haikuwa ya babu. Alikuwa mpangaji kama baba yake, na magoti yalipomshinda, mwenye shamba akaiuza. Sisi tukahamia nyumba za halmashauri kule bondeni, namba tisa. Babu hakulalamika. Alibeba kiti chake, saa yake ya ukutani na jina lake.

Hilo jina si kitu kidogo. Kijijini kwetu nusu ya watu ni kina Jones, na nusu nyingine wameoa au wameolewa na kina Jones. Ukiita "Ifan Jones" mlangoni mwa kanisa, watageuka wanaume wa kutosha kubeba jeneza. Ndiyo maana mtu huitwa kwa nyumba yake. Babu ni Ifan Bryn Eithin. Mtu akihama, nyumba inamfuata, na akifa inaandikwa kwenye jiwe la kaburi. Jiwe la bibi linasema: Annie, mke wa Ifan Jones, Bryn Eithin. Chini yake fundi ameacha nafasi. Kila Jumapili baada ya ibada babu huenda kuikagua nafasi hiyo, kama mtu anavyokagua kiwanja alichokwisha kulipia.

Basi Giles na mkewe Davina, kabla hata hawajatundika mapazia, waliling'oa jina la nyumba pale mlangoni. Davina alinieleza sababu mwenyewe pale dukani, kwa upole kabisa. Alisema jina lile liliwashinda wageni wake kutamka, halafu halielezi chochote. Mahali pake wakapigilia ubao uliochorwa kondoo mnene aliyefumba macho, na maneno ya Kiingereza ambayo kwa lugha yoyote ya binadamu maana yake ni Kondoo Msinziaji.

Hilo sasa lilieleza.

Wiki hiyohiyo nilimpeleka babu zahanati kwa ajili ya magoti. Mama mpya wa mapokezi alitafuta Bryn Eithin, akaambiwa na kompyuta yake kwamba hakuna nyumba ya jina hilo, akafanya busara yake. "Ifan Namba Tisa," akaita. Babu hakusimama. Alikaa ametulia, anamsubiri huyo Namba Tisa ajitokeze, mpaka nikamgusa bega.

Njiani kurudi, tulipofika kwenye lango la makaburi akasimama.

"Lowri," akasema, "mtu akisoma jiwe la bibi yako, akauliza Bryn Eithin ni wapi, ataambiwaje?"

"Ataambiwa ni kule juu, babu."

"Kule juu kuna kondoo amelala." Akavua kofia, akaivaa tena. "Bibi yako atakuwa ametoka mahali ambapo hapapo. Na mimi nitaandikwa mahali ambapo hapapo. Bora waache pale chini patupu."

Babu yangu si mtu wa maneno makubwa. Kwa kiasi chake, hicho kilikuwa kilio.

Jumamosi moja mchana Davina akatualika, pamoja na majirani wengine, ili awafahamu wenyeji. Babu alinyoa ndevu akavaa koti lake la mazishi. Giles alitutembeza ndani ya nyumba, anamweleza babu kila kona.

"Hapa nadhani palikuwa zizi," alisema.

"Palikuwa chumba changu cha kulala," babu akasema.

"Inapendeza sana," akasema Giles, akatuongoza sebuleni.

Pale Davina akaleta jibini, za namna nyingi, moja ina ukungu wa bluu kwa makusudi, zimepangwa juu ya jiwe bapa jeusi, lile tunaloezekea nyumba zote huku. Kona moja ya jiwe ilikuwa imemeguka. Nikaitambua kona hiyo kabla sijataka kuitambua. Babu ndiye aliyeimega, kwa ngazi, mwaka aliozaliwa mama yangu. Matundu ya misumari yalikuwa yamezibwa na zabibu.

"Ndilo lile la jina la zamani," Davina akasema kwa furaha. "Maandishi yako upande wa chini. Roho ilitukataza kulitupa, lina historia. Tukaona bora tulipe kazi."

Mzee Emrys akaacha kutafuna. Bi Beti akaangalia dari. Mimi nilimwangalia babu, naye aliangalia jiwe, akachukua kisu, akakata kipande kidogo, akala.

"Jibini nzuri," akasema.

Giles akajaza glasi ambazo zilikuwa bado zimejaa, kisha akasimama katikati ya zulia. "Jamani, niseme ukweli. Sitaki kuwa yule Mwingereza wa mlimani. Nataka niwe mmoja wenu. Hili la 'Bwana Giles' linanikera. Niiteni kama mnavyoitana wenyewe."

"Sisi tunaitana kwa nyumba zetu," babu akasema. "Huyu Emrys Pen-y-bont. Yule fundi bomba pale, Gwilym Tŷ Capel, anakaa kando ya kanisa."

"Safi sana. Basi nami niiteni kwa nyumba yangu."

"Usije ukajutia."

"Kujutia nini? Itakuwa heshima kwangu."

"Haya," babu akasema. Akainuka kwa shida, akachukua kofia, akampa Giles mkono, mkono wa kweli, ule wa mnadani wa kufunga biashara. "Asante kwa ukarimu wako, Giles Kondoo Msinziaji."

Giles na Davina walicheka mpaka machozi. Wengine hatukucheka. Kwetu jina la mtu si jambo la kuchekea.

Nataka ieleweke kwamba hatukumdhihaki. Mtu aliomba desturi, akapewa desturi. Asubuhi Bi Beti aliuliza kwa sauti ya kawaida kama gazeti la Kondoo Msinziaji limefika. Mchungaji alimwombea heri Giles Kondoo Msinziaji na nyumba yake yote, amefumba macho, hana hata dalili ya tabasamu. Gwilym alimwita kutoka ng'ambo ya barabara, mbele ya kituo cha basi: "Msinziaji! Lile bomba la choo nimelizibua, lakini litaziba tena, liko hivyo tangu enzi za Ifan." Davina akawa Bi Kondoo. Alipokwenda kununua mkate wa zabibu aliulizwa kama Kondoo mwenyewe anaupenda na siagi au bila.

Mwanzoni Giles alikuwa anainua mkono kwa fahari. Baadaye aliinua vidole. Baadaye akaanza kununua maziwa mjini.

Nami nilikuwa naangalia tu babu anaamka saa ngapi. Alikuwa ameanza kuamka mapema tena.

Mwezi wa nane ni maonyesho ya kijiji, uwanjani nyuma ya makaburi. Giles alikuwa amepanda vitunguu, na niseme haki, vilikuwa vitunguu vya kutisha, kila kimoja kama kichwa cha mtoto. Alikuwa amealika marafiki zake kutoka London, watu wa mashati ya rangi ya waridi, waje wamwone akiishi na wenyeji. Kwenye kipaza sauti alikuwa Mzee Emrys, kama kila mwaka, na Mzee Emrys husoma washindi kama wanavyojulikana. Akisoma kina Jones watupu, watu watapigana.

"Vitunguu," akasema. "Zawadi ya tatu, Gwilym Tŷ Capel. Zawadi ya pili, Nesta Cae Mawr. Zawadi ya kwanza na kikombe cha mwaka huu." Akavaa miwani yake. "Giles Kondoo Msinziaji."

Uwanja mzima tulipiga makofi, makofi mazito ya heshima, maana vitunguu vilistahili. Ila wale mashati ya waridi walikuwa wameegemeana, hawawezi kusimama kwa kucheka. Mmoja wao akalia kama kondoo, kwa sauti ndefu, na kondoo wa kweli waliokuwa mabandani wakamwitikia. Giles akaipanda ile ngazi ya jukwaa kuchukua kikombe kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu.

Baadaye alinikuta kwenye hema la chai.

"Lowri," akasema chinichini, "hili jina linadumu muda gani?"

"Jina gani?"

"Unalijua."

"Aa, hilo. Mpaka mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Wako. Kisha linachongwa kwenye jiwe. Ukitaka nikuonyeshe, makaburi yako hapo nyuma ya hema."

Akanywa chai ambayo sikuwa nimeitia maziwa. "Na nikihama?"

"Linakufuata. Kuna mmoja amehamia Australia, bado tunamwita kwa nyumba yake, na nyumba yenyewe iko chini ya bwawa."

"Na mtu akibadilisha jina la nyumba?"

"Hapo sijui. Kabla yenu hakuna aliyewahi kubadilisha." Nikapangusa meza palipokuwa pasafi. "Lile la zamani nalo lilikuwa na heshima yake. Sijui mlilipeleka wapi."

Alijua kwamba najua liliko. "Liko na jibini," akasema.

Jumatatu lilikuwa ukutani. Misumari mipya, kona ileile, na mikwaruzo ya kisu ikipita katikati ya herufi, maana walikuwa wameanza kulitumia pande zote mbili. Siku hizi Giles anawaeleza wageni wake kwamba aliliokoa jina hilo, kwamba wenyeji, Mungu awasamehe, walikuwa wanaliacha lipotee.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada na baada ya kukagua kiwanja chake, babu alitaka tupande juu. Giles alikuwa langoni na wageni.

"Huyu ni Ifan, wa namba tisa kule chini," akawaambia. "Ifan, hebu watamkie jina la nyumba yangu."

"Bryn Eithin," babu akasema.

Giles akalirudia kwa namna yake, kana kwamba babu alikuwa amekosea. Kisha akacheka kwa furaha ya kweli. "Kwa hiyo sasa mimi ndiye Giles Bryn Eithin. Lakini si na wewe unaitwa hivyo? Tutakuwa wangapi?"

Babu alikuwa ameweka kiganja juu ya jiwe, anaipapasa ile kona.

"Tutagawana," akasema. "Wewe chukua lile bomba la choo. Mimi nitachukua ile nafasi iliyoko kwa Annie."

"Annie ni nani?" mgeni mmoja akauliza, lakini babu alikuwa ameshageuka.

Tulishuka polepole kwa sababu ya magoti. Kwenye kona ya njia akanusa vidole vyake.

"Linanuka jibini," akasema.

"Nirudi nikalisugue?"

Aliangalia mawingu yaliyokuwa yanakuja kutoka upande wa bahari, yale ya kila siku. "Acha," akasema. "Litakuwa limeoshwa kabla hatujafika nyumbani."