Nondo ya Mhezani

1.

SHULE YA SEKONDARI YA WASICHANA MHEZANI
TANGAZO

Wanafunzi wote mnajulishwa kuwa nondo ya kengele haijulikani ilipo tangu Jumamosi, baada ya kikao cha wazazi. Mwenye taarifa azifikishe ofisini. Aidha, uongozi unasisitiza kuwa saa ya kuamka haijabadilika. Ni saa kumi kamili alfajiri, na kukosekana kwa kengele si sababu ya kulala.

Mkuu wa Shule

(Chini yake, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa msichana asiyejulikana:)

tumelala.

tamu!

2.

Haya, wewe unayesoma, usianze kuitafuta. Kaa kwanza nikueleze nondo ni nini hapa kwetu milimani Upare.

Kengele ya Mhezani ni ringi ya lori iliyoning'inizwa nje ya bwalo. Ringi haina heshima yoyote, kila gereji inazo. Heshima yote iko kwenye chuma cha kuigongea, kipande cha nondo kilichosuguliwa na viganja mpaka kinang'aa. Mkuu wa shule akistaafu, humkabidhi mwenzake nondo hiyo kwa mikono miwili mbele ya wazazi. Kwaya inaimba, watu wazima wanatoa leso. Hainyang'anywi. Haiombwi. Hukabidhiwa. Ukiona kichekesho, basi hukusoma Mhezani.

Aliyeishika muda mrefu kuliko wote ni Mwalimu Namsifu Mrutu, mama mfupi mwenye sauti ndefu. Hata wachungaji wakimwona walikuwa wanachomekea shati.

3.

Ukuta wa bweni, rangi nyekundu. Mwalimu Namsifu aliandika mwenyewe akiwa amepanda juu ya meza:

USINGIZI
NI ADUI
WA MSICHANA

4.

Yaliyosikika kwenye foleni ya zahanati, siku ya kliniki ya presha:

— Mimi usingizi wangu wa kuku. Nikizidisha sana, masaa manne.

— Manne yote? Una raha wewe!

— Binti yangu yuko Mhezani. Taa zinazimwa saa tano usiku, saa kumi yuko macho anasoma. Yule ni daktari tayari.

— Na Mwalimu Namsifu umesikia? Ameanza kusahau.

— Uzee tu.

— Uzee gani? Mama yangu kamzidi umri, na bado anakumbuka nani hakuja kwenye harusi yake.

— Basi wamemfanyia kitu.

— Eti.

5.

Mwalimu, kwa mdomo wake mwenyewe:

Mimi sikuwa mtu wa kulala. Tangu chuo cha ualimu. Wa mwisho kuzima taa, wa kwanza kugonga kengele, na nilikuwa nawaambia wazazi hivyo kwa majivuno, nao wananipigia makofi. Hospitali ya mkoa wamenipima, wameniambia ni ugonjwa wa kusahau, na si wa mchezo. Sawa. Lakini msinifanye mjinga. Nawakumbuka wasichana wote wa mwaka ule upepo ulipoezua bwalo, jina kwa jina, na nani alikuwa mtoro. Mjukuu wangu aliyekuja jana, yule mwenye mwanya, anaitwa

anaitwa

Msiniambie. Nitalipata mwenyewe.

6.

Ilivyokuwa siku ile ya mtihani wa majaribio.

Mwalimu Namsifu aliamka, akavaa koti lake la kazi, akapanda mlima hadi shuleni. Miaka ya kustaafu ilikuwa imemtoka kichwani kabisa. Mlinzi alimpigia saluti. Ungekuwa wewe ungemwuliza unakwenda wapi? Nondo ilikuwa mahali pake, kwenye msumari nje ya ofisi. Akaichukua, akagonga.

Kidato cha nne walikuwa katikati ya hesabu.

Sasa, msichana wa Mhezani anaweza kubishana na baba yake, lakini nondo haijadiliwi. Ikilia, mwili unanyanyuka wenyewe. Wakanyanyuka. Kalamu chini, viti nyuma, mstarini! Msimamizi anapiga kelele, "Rudini! Rudini nyie, mtihani huo!" na wao wanatoka, wengine wanalia huku wanatoka. Mstari ulinyooka vizuri kuliko siku zote.

Mwalimu akawatazama. Akaona hamjui hata mmoja.

Nondo bado mkononi.

7.

Ndugu Namsifu Mrutu,

YAH: KUTOINGIA ENEO LA SHULE

Rejea tukio lililosababisha kufutwa kwa mtihani wa majaribio. Pamoja na kutambua mchango wako uliotukuka, bodi imeamua kuwa kuanzia sasa hutaruhusiwa kuingia eneo la shule bila kibali cha maandishi. Tunakutakia mapumziko mema.

8.

Mapumziko mema! Alifika nayo zahanati, barua imekunjwa kama ya kufungia karanga. Nesi wa zamu alikuwa Elinipa, mwanafunzi wake wa zamani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Simama wima. Nina swali, na usinibembeleze. Huu ugonjwa, ni kutolala?"

Elinipa alisogeza kiti.

"Hakuna atakayekuambia ni kutolala peke yake, Mwalimu. Kuna umri, kuna presha, kuna sukari, kuna ya ukoo. Wapo wasiolala na akili zao ziko timamu hadi kaburini. Lakini watu wa makamo wamefuatiliwa miaka mingi huko kwenye utafiti. Wanaolala kidogo mwaka hadi mwaka, hatari yao ya kusahau uzeeni imeonekana kuwa kubwa zaidi. Ukilala, ubongo unafagia taka zake."

"Usipolala?"

"Zinabaki nyingine."

"Kama bwalo la Jumapili."

"Kama bwalo."

Mwalimu akatazama ukutani. Bango la malaria. Bango la presha. Bango la kunawa mikono.

"La usingizi liko wapi?"

"Halijaletwa."

"Na wale wasichana wangu?"

Nesi alichezea kifuniko cha kalamu. "Umri wao unataka masaa manane mpaka kumi, Mwalimu. Hilo nina uhakika nalo."

Wewe ulidhani atalia. Hapana. Alikasirika. Alikasirika vizuri, kama zamani, mpaka foleni nzima nje ikanyamaza.

"Nitaisogeza ile kengele," akasema, "kabla sijasahau kwa nini naisogeza."

Kabla.

9.

MUHTASARI WA KIKAO CHA WAZAZI (sehemu)

Mgeni, Mwl. N. Mrutu, aliingia bila kibali. Mlinzi alipoulizwa alijibu kuwa yeye ana watoto wa kulea.

Nesi wa zahanati aliuliza ni mzazi yupi amewahi kusikia kuwa kutolala kunahusishwa na ugonjwa wa kusahau. Hakuna mkono ulionyooshwa. Wazazi wawili walikuwa wamesinzia.

Mwl. Mrutu aliomba taa zizimwe saa nne usiku na kengele ya kuamka ihamishwe hadi saa kumi na mbili asubuhi. Alipoulizwa kama anajutia utaratibu aliouanzisha mwenyewe, alijibu: "Mimi siombi msamaha. Nabadilisha saa. Msamaha haumlazi mtoto."

Mzazi mmoja alisema shule ni ya kwanza wilayani na hataki majaribio. Makofi.

Mwl. Mrutu alisimama na kutoa hotuba yake upya, neno kwa neno. Baadhi walicheka.

Mwl. Mrutu alisimama na kuitoa kwa mara ya tatu. Hakuna aliyecheka.

UAMUZI: Hoja imekataliwa.

KUFUNGA: Kwa desturi ya shule, mkuu mstaafu aliyehudhuria alikabidhiwa nondo ili agonge kufunga kikao.

10.

Sisi wanafunzi tulikuwa madirishani. Tuliona yote.

Tuliona Madam Apaikunda, mkuu wetu, anatoa nondo kwa mikono miwili. Angefanyaje? Desturi ni desturi, na Mwalimu Namsifu ndiye aliyemfundisha yeye kuandika insha. Mwalimu akapokea kwa mikono miwili. Akagonga mara moja tu.

Ngaaaa.

Kisha akaiweka kwapani, akajifunika kitenge vizuri, akaanza kushuka mlima.

Wazazi wakatazamana. Bodi ikatazamana. Mwenyekiti akasema, "Jamani, mtu am—" asimalizie. Nani amnyang'anye? Hainyang'anywi! Ikishakuwa mkononi mwake, ni yeye tu wa kuikabidhi.

Pale kwenye geti aligeuka, akatutazama madirishani. Wengine wanasema alikonyeza jicho. Wengine wanasema alikuwa anajiuliza sisi ni akina nani.

11.

Jumatatu wapishi walijaribu kugonga ringi kwa upawa wa maharage. Kle, kle, kle.

Tulicheka ndani ya mablanketi, tukageuka upande wa pili.

12.

Madam Apaikunda alimfuata Mwalimu nyumbani mchana wa Alhamisi. Macho mekundu, viatu vina vumbi. Tangu akabidhiwe shule naye hakuwa amelala kama watu. Angelalaje, na ule ukuta unamtazama?

"Mwalimu, nakuomba. Nondo iko wapi?"

"Nondo?"

"Mwalimu. Wanaamka na jua. Bodi wananiandama."

"Wanaamka na jua," Mwalimu akarudia, na uso ukamng'aa wote. "Wamefika darasani?"

"Wamefika."

"Wamesinzia?"

Madam akapangusa vumbi kiatuni. "Sijaona aliyesinzia," akasema kwa shida. "Lakini nondo, Mwalimu. Uliiweka wapi?"

Bibi yule alinyoosha mgongo. Neno alilokuwa akilikimbia mwaka mzima, neno alilowaficha watoto wake, nesi na Mungu wake, akalisema mbele ya mtu kwa mara ya kwanza, taratibu, kidevu juu.

"Nimesahau."

Usiniulize mimi kama ni kweli. Hata Madam aliyatazama macho yale akashindwa. Labda iko darini, labda imezikwa chini ya migomba, labda kweli hajui, na hata asipojua, ajue mtu gani mwingine?

"Kaa basi," akamwambia Madam. "Nikuwekee chai, halafu tuitafute wote."

Alipotoka jikoni na birika, Madam Apaikunda alikuwa amelala kitini. Mdomo wazi, mkoba umeanguka. Amelala ule usingizi wa mtoto aliyetoka shambani.

Mwalimu akaweka birika chini polepole. Akavua kitenge, akamfunika mpaka mabegani. Akaketi kizingitini akiangalia njia.

Na hapo, bila kutafutwa, likaja.

Nakijwa.

Nakijwa! Yule mwenye mwanya, Nakijwa! Alitamani kulipaza mpaka lisikike shuleni. Akageuka, akamwona aliyelala. Akalimeza. Akawa analisema kwa midomo tu, tena na tena, lisimtoroke.

Njiani wakatokea wawili wa bodi, wanapanda kwa haraka, makoti begani.

"Shikamoo Mwalimu. Tumekuja kwa ajili ya ile—"

Mwalimu Namsifu Mrutu akasimama, akaujaza mlango, kidole mdomoni.

"Shii. Mkuu wa shule amelala."

"Lakini Mwalimu, tuna—"

"Amelala," akasema. "Kaeni chini msubiri."

Wakakaa.