Mti Uliopo Ubaki

Tinga lilifika saa moja na robo, Mellen Bitutu akiwa bado anapanga mikungu ya ndizi juu ya gunia, na mboga za managu hazijanyunyiziwa maji. Hakulijali. Wiki nzima matinga yalikuwa yakiingia na kutoka kwenye ploti ile iliyo nyuma ya kibanda chake, yakibomoa nyumba ya marehemu mama mkwe wake, na masikio yalikuwa yameshazoea. Kilichomshtua ni chokaa. Kupitia pengo la mabati alimwona fomeni akiimwaga ardhini kwa mkono, mstari mweupe ulioanzia ukutani, ukapita hatua mbili tu kutoka kwenye shina la mti, ukakata kona, ukaendelea upande wa pili vilevile.

Aliziacha ndizi zijiuze zenyewe, akaingia.

"Mosoti, hapa mnachimba nini?"

"Septiki, mathe. Ghorofa nne, vyoo kumi na sita. Lazima hiyo maneno iende mahali."

"Na mti?"

Mosoti alikuwa kijana wa Kisii kama yeye, na kila asubuhi alinunua kwake ndizi mbivu mbili bila kuomba kupunguziwa. Alichomoa plani kutoka kwenye mfuko wa plastiki, akaikunjua juu ya goti. Kulikuwa na duara dogo limechorwa, na kando yake maneno ya Kiingereza ambayo Sheila, bintiye Mellen, alikuwa amemtafsiria zamani: mti uliopo ubaki, usikatwe.

"Si unaona? Sikati. Hata utepe nimezungusha. Nyumba yote imeanguka na hakuna tawi imevunjika. Kwani sijakutunzia?"

Alikuwa ametunza, haki yake apewe. Nguzo nne zilisimama kuzunguka shina, utepe wa manjano umefungwa vizuri, na matofali yote yamerundikwa mbali. Jumamosi iliyopita Mellen alikuwa amemtaja kwenye maombi.

"Lakini ukichimba hapo utakata mizizi. Mti bila mizizi ni nini, Mosoti?"

"Plani haisemi mizizi. Inasema mti." Alikunja karatasi yake. "Mathe, mimi sina noma na hii mti. Lakini tinga ni ya kukodi, na bosi akipiga simu kutoka Migori anauliza tu shimo imefika wapi. Niletee karatasi ya ofisi yoyote, iwe na muhuri, nitasogeza. Naanzia pale kwa geti. Hapa nitafika saa nane."

Mti wenyewe ulikuwa yago, ule ambao wengine huuita mwegea, wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kwa kamba zake kama michi. Maua yake hufunguka usiku na kudondoka asubuhi, mekundu, rangi ya maini. Hakuna mtu aliyeupanda. Uliota kwenye kaburi.

Miaka kumi na sita iliyopita Chrispine Ochieng, mume wa Mellen, aliingia ziwani hapa Sori na hakurudi. Wenzake walimtafuta siku kumi na moja, wakapata mtumbwi na buti moja la mpira. Waluo hawamwachi mtu wao azurure bila kaburi. Mwili usipopatikana, huchumwa tunda la yago, likavikwa sanda, likalazwa ardhini na kuliliwa kama mtu. Ndivyo Chrispine alivyozikwa, upande wa kulia wa nyumba ya mamake, na lile buti likawekwa pembeni ya tunda. Mellen alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa pia Msabato, binti wa mzee wa kanisa, na alisimama mbali mikono imefumbatwa kifuani. Walipompa udongo autupe kaburini alikataa. "Tunda si mtu," alisema, na maneno hayo yakamfanya anuniwe na ukoo mzima kwa miaka mitatu.

Mvua zilipokuja, kaburi likachipua. Mama mkwe akasema mche usiguswe, mwanawe amekataa kulala. Mellen alicheka kimoyomoyo. Kisha Sheila akajifunza kusimama kwa kushika mche ule, na alipoanza shule akawa anaupelekea ripoti zake za mtihani na kuzisoma kwa sauti. Na siku moja Mellen alijikuta amesimama pale pale na ufagio mkononi, anaulalamikia mti bei ya ndizi. Hakucheka tena.

Alipoachana na Mosoti alimwachia jirani kibanda, akatoka mbio.

Ofisi ya mazingira ni vyumba viwili nyuma ya soko. Hufunguliwa saa mbili, yaani mlango ndio hufunguliwa saa mbili. Karani, msichana aitwaye Valary, alifika saa tatu na nusu. Lakini alikuwa na moyo, na hilo si jambo la kuokota kwenye ofisi. Alilitafuta faili la ploti, akalipata, akasoma hadi mwisho.

"Hapa walikosea, Mama Sheila. Mizizi huenda mbali kuliko matawi. Huo utepe ulifaa kuzungushwa mpaka kivuli kinapoishia, si kukumbatia shina." Aligeuza fomu amwonyeshe. "Ona, hapa wanauliza kinga iwe mita ngapi. Hawakujaza kitu. Na imepigwa sahihi hivyo hivyo."

"Basi niandikie hivyo. Mistari miwili tu."

"Mimi ni karani. Muhuri uko kwa droo, na mwenye funguo yuko semina Migori hadi Ijumaa."

"Semina gani hiyo ya wiki nzima?"

Valary aliangalia faili. "Ya upandaji miti," alisema, na akaona haya yeye mwenyewe.

Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Mellen alijishika kwenye fremu ya mlango. Jasho lilikuwa limeshalowesha kitambaa chake cha kichwa, na saa nne ilikuwa imeshapita.

"Lakini nikuulize," Valary akasema kwa sauti ya chini. "Watu wanasema huo mti uko juu ya kaburi. Ni ukweli?"

Mellen alisita. Alikuwa shemasi sasa. Aliijua hesabu ya wanawake ambao wangemtazama Sabato ijayo.

"Ni kaburi," alisema.

"Kama ni kaburi, achana na muhuri wetu. Kaburi halichimbwi bila amri ya korti. Naibu chifu akisema neno moja tu, hiyo tinga inazimwa. Mkimbilie Oyaro."

Oyaro, naibu wa chifu, alikuwa kwenye baraza la kupatanisha wenye mbuzi na wenye mahindi. Mellen alisimama juani na wengine hadi saa saba na dakika kumi, akisikiliza kwa mbali mngurumo wa tinga na kujaribu kukisia kama bado liko upande wa geti. Zamu yake ilipofika alisema yote kwa pumzi moja.

"Chrispine yule wa ziwani?" Oyaro aliuliza.

"Huyo huyo."

Oyaro alikuwa mtu wa papa hapa, mzito wa mwili, asiye na ubaya na mtu. Alivuta kitabu cha vibali vya mazishi, kile cha zamani chenye jalada lililoliwa na mende, akafungua mwaka ule na kuupitia kwa kidole. "Hayuko. Kibali chake nani alichukua?"

"Hakuna aliyechukua."

"Cheti cha kifo?"

"Mwili haukupatikana, mzee. Nani angetupa cheti?"

"Sasa pale mlizika nini, Mama Sheila?"

Oyaro alijua jibu. Alitaka tu lisemwe na mwingine. "Yago," alisema Mellen.

Oyaro alifunga kitabu polepole. "Kama Mjaluo nakuelewa. Hata baba yangu mdogo tulimzika hivyo. Lakini mimi hapa ni serikali, na kwa serikali tunda si mtu."

Mellen aliyasikia maneno yale, na aliyemsikia si Oyaro. Ni yeye mwenyewe, msichana mwenye tumbo kubwa, amefumbata mikono.

"Na wakati Willis anauza hiyo ploti?" Oyaro aliendelea. "Wazee si walikuita? Hamkuandika kaburi kwa makubaliano?"

Hapo ndipo palipouma. Willis, shemeji yake, alipouza ploti mwaka jana, wazee walikataa kutia vidole kwenye makubaliano hadi mjane aulizwe anataka nini. Mellen hakutaka mabati wala mlango. Aliomba kitu kimoja, mti ubaki. Wakili aliinua kalamu akamuuliza: niandike mti, au niandike kaburi? Ndani ya chumba kile kulikuwa na mzee wa kanisa lake, shahidi wa mnunuzi. Mellen aliyatazama macho ya mzee yule, akasema, "Andika mti." Neno moja lingetosha, naye alikuwa nalo kinywani akalimeza kwa kuogopa kuonekana anaabudu matunda. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuwa amekuja na tinga.

"Niliona aibu," alimwambia Oyaro. "Uniandikie tu kidogo, mzee. Wangoje hata wiki moja."

"Nikiandika, huyo mnunuzi wa Migori ataniuliza kwa sheria gani. Nitamjibu nini? Nenda uongee na huyo fomeni vizuri. Ni mtu wenu."

Alifika kwenye ploti saa nane kasorobo. Tinga lilikuwa limezimwa, na kwa dakika moja yenye uchungu wake aliamini kwamba limesubiri. Kisha akaliona shimo.

Upande wa geti walikuwa wamegonga mwamba, wakahamia huku kabla hata ya saa tano. Shimo lilikuwa kubwa kuliko chumba alichopanga, limekata kona mbili kwa ustadi, na mizizi ilichomoza kwenye kuta zake, mingine minene kama paja, imekatwa sawasawa, myeupe, inadondosha maji. Utepe wa manjano ulikuwa bado umefungwa. Ndani yake yago ilisimama imeinamia shimo, majani yake yote juu yake na matunda yake yote yananing'inia, kana kwamba hakuna aliyeiambia kilichotokea.

"Ulisema saa nane," Mellen alimwambia Mosoti.

"Mwamba, mathe. Ningefanya nini na mwamba?" Hakumtazama usoni. "Na hatujakata. Uko tu. Ila sasa umelala upande, na chini kuna vijana wangu. Bosi amesema kesho tuuangushe kabla haujaua mtu. Hiyo si kukata, ni usalama."

Mellen alikuwa anatazama lundo la udongo uliotolewa, udongo mweusi uliochanganyika na vipande vya mizizi, na katikati yake kitu cheusi zaidi kimechomoza. Alipanda lundo kwa magoti. Lilikuwa buti la mpira, limebanwa bapa, limejaa udongo na vimizizi vyembamba kama nywele. Kwenye kisigino kulikuwa na kiraka cha tyubu nyekundu ya baiskeli. Kiraka kile alikigundisha yeye, usiku wa kuamkia siku Chrispine alipoondoka, na akamgombeza kwamba hajui kutunza vitu.

Alilia hapo, bila kujificha, mbele ya vijana wa Mosoti na sepetu zao. Alilia kilio kilichokuwa kinamdai tangu mazishi yale. Alipomaliza alichota udongo kiganjani, akauendea ukingo wa shimo, akautupa ndani. Vijana wakavua kofia zao za plastiki, mmoja baada ya mwingine, na Mosoti akageuka akajifanya anakagua tinga.

Saa kumi na robo Oyaro alikuwa anafunga dirisha la ofisi yake. Mellen aliingia bila kubisha, akaliweka buti juu ya meza, juu ya karatasi zake.

"Ulisema tunda si mtu. Hili alilivaa mtu."

"Mama Sheila, tumeongea."

"Sikuombi usimamishe tinga. Tinga limemaliza kazi. Nataka kibali cha kumzika mume wangu."

Oyaro aliliangalia buti muda mrefu, kiraka chake na vile vimizizi. Pengine alimkumbuka baba yake mdogo, au pengine alikuwa amechoka tu na alitaka kwenda nyumbani. Aliketi. Alikivuta kitabu, kile kipya, akatafuta ukurasa safi.

"Jina la marehemu?"

"Chrispine Ochieng."

"Umri?"

"Thelathini na mbili."

"Alifariki wapi?"

"Ziwani. Hapa Sori."

Kalamu ilikuwa inaandika kweli. Mellen aliitazama ikiteremka mstari baada ya mstari.

"Mahali pa kuzikia?"

Alifungua kinywa. Ploti ilikuwa ya bosi wa Migori. Chumba anacholala kilikuwa cha kupanga, na mwenye nyumba alikuwa amekataza hata kufuga kuku. Kwa baba yake kule Kisii ndugu zake wanne walikuwa wamegawana hadi njia ya kwenda mtoni, na binti aliyeolewa hana pa kuweka mkungu wa ndizi, sembuse pa kumlaza mume.

"Mama Sheila. Mahali pa kuzikia."

"Andika pale pale alipokuwa."

"Pale si penu tena."

"Najua si petu. Andika."

Oyaro hakuandika, wala hakukifunga kitabu. Alishikilia kalamu juu ya ule mstari mtupu, akatazama saa ya ukutani, akamtazama Mellen. Mellen akalichukua buti mezani, akavuta kiti, akaketi nalo mapajani, akangoja.