Tangazo la Kifo cha Yaa Dufie

Yaa Dufie alikutana na kifo chake mwenyewe Jumamosi asubuhi, kwenye ukuta wa mtaa wa Asafo, akiwa na tonge la kenkey ya mahindi mkononi.

Kilikuwa karatasi kubwa yenye pindo jeusi, kama zile zinazobandikwa Kumasi nzima kila wiki. Juu, kwa herufi nene: MSHTUKO ULIOJE! Ndivyo wanavyoandikiwa wanaokufa wangali vijana; wazee huandikiwa kwamba wameitwa nyumbani. Katikati picha yake, ile aliyopiga na hereni za kuazima. Chini ya picha: Yaa Dufie, fundi cherehani, miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Bekwai. Mwili utalazwa Jumamosi, saa nane mchana, ukumbi wa video wa Asafo.

Muuza kenkey aliitazama karatasi, akamtazama mteja wake, akairudia karatasi.

"Bibie," alisema taratibu, "hebu weka hiyo kenkey chini kwanza. Wewe ni wa huku au wa huko?"

"Wa huku, mama! Ni sinema tu. Mimi ndiye ninayekufa humo."

"Basi hamia benchi la kule. Wateja wangu wanakuja na njaa, sitaki waondoke na hofu."

Dufie hakuhamia benchi lolote. Aliondoka mbio, kanga nusu imemfunguka, hadi ukumbini kwa Atta Donkor.

Huyu Donkor kazi yake halisi ilikuwa kupiga video za misiba. Hakuna msiba wa maana Kumasi usiopigwa video: marehemu akilazwa kwenye kitanda cha shaba, wanawake wakilia, wajomba wakigombea mbele ya kamera, kisha ukoo wote hukaa sebuleni wiki nzima kuitazama tena na tena. Kamera ya Donkor ilikuwa imezika nusu ya mji. Mwaka huo, elfu moja mia tisa tisini na tatu, kila mwenye kamera alijiona mtengeneza sinema, naye akatengeneza yake, Kitanda cha Shaba: mume anamuua mkewe kwa ajili ya utajiri, mke analazwa, watu wanalia, na katikati ya kilio marehemu anafumbua macho.

Donkor alijua kupiga kitu kimoja tu, akakipiga hivyo hivyo. Kitanda kilikuwa kile kile cha kukodi kilichowabeba marehemu wa kweli. Waliaji walikuwa wale wale wanaolia kila Jumamosi. Hata kamera ilitikisika palepale inapotikisika siku zote. Ijumaa mchana walionyeshwa watu wachache wa mtaani kwa majaribio, na fundi magari mmoja wa Suame, bonge la mtu, alianguka kama gunia, akabebwa na wanawake wanne. Wenzake walitoka bila kugusa ardhi. Mizimu ya sinema za kizungu watu waliitazama wakitafuna karanga, maana ile ni mizimu ya kwao huko. Lakini hii? Kitanda hiki kila mtu alikuwa amemwona mamake au shangazi yake juu yake, kwenye video kama hii, na hakuna hata mmoja aliyefumbua macho.

Dufie alimkuta Donkor akipanga mabenchi, anapiga mluzi.

"Kaka Donkor! Umeniua ukutani!"

"Umeona? Picha imetoka vizuri. Umependeza kuliko ulivyo."

"Umeandika jina langu! La kwangu mwenyewe, na kwetu!"

"Sasa? Mchapaji yule hajui kuchapa kitu kingine. Aliniuliza jina la marehemu, kwao ni wapi, mwili unalazwa wapi. Mimi nikajibu kama ninavyojibu siku zote. Sikudanganya hata neno moja. Ila lile la kufa."

"Umebandika wapi na wapi?"

"Nilianza Alhamisi kituoni, kwenye malori ya kusini, kama kawaida. Ili habari ifike kwao marehemu." Akaliachia benchi alilolishika. Ni kama aliyasikia maneno yake baada ya kuyatoa.

Kusini ndiko Bekwai. Na Bekwai ndiko aliko Eno Pokuaa, mamake Dufie, ambaye kwa miaka miwili alikuwa hajalitaja jina la bintiye. Eno alipokea vinywaji vya posa vya mwanaume mwenye shamba la kakao, akavipokea mbele ya wazee. Dufie akapanda lori alfajiri akaja Kumasi kushona nguo. Ikabidi mama avirudishe vinywaji mwenyewe, chupa kwa chupa, kijiji kizima kikimhesabia hatua. Tangu hapo Dufie alituma vitambaa, vikarudi. Alituma samaki mkavu, akarudi na lori lile lile, ananuka. Alikwenda Krismasi, akasimama mlangoni hadi jua likamchosha, mlango haukufunguliwa. Alichokitaka duniani, kuliko sinema na kuliko jina, ni mlango ule ufunguliwe. Sasa wamempelekea mamake karatasi.

"Nakwenda kituoni," alisema.

"Dada yangu, saa nne hii. Ukienda hutawahi kurudi kabla ya saa nane. Na leo si kanda tu, leo wewe mwenyewe unatoka nyuma ya shuka! Mji mzima unakuja. Tena nani atabeba karatasi mpaka Bekwai? Watu wana mizigo yao."

Angekwenda. Mara tatu alipiga hatua kuelekea mlangoni. Lakini nje walikuwa wameshaanza kujipanga, saa nne ya asubuhi, wauza machungwa wameshajiweka, na mwanamke mmoja akamnyooshea kidole akapiga ukelele wa furaha na woga: "Ndiye huyo! Marehemu!" Maishani mwake Dufie hakuwahi kupangiwa foleni. Alijiambia atakwenda baada ya onyesho moja tu.

Saa nane ukumbi ulijaa hadi watu wakapakatana. Dufie alikuwa nyuma ya shuka jeupe la kuonyeshea, amevaa nguo nyeupe ya maiti, unga usoni, pamba puani. Mpango ulikuwa rahisi: marehemu akifumbua macho kwenye shuka, Donkor anawasha taa, marehemu mwenyewe anatoka pembeni. Shuka lilikuwa na tobo, naye akaweka jicho.

Aliona vichwa, machungwa, watoto waliofichwa chini ya nguo. Kisha akasikia mlinzi wa mlangoni akicheka: "Pisheni, pisheni! Donkor ana akili, kaleta mpaka wafiwa! Wapite bure, wakae mbele!"

Wakaingia watu kumi na wawili, kaniki na nguo nyekundu, vitambaa vyekundu vimefungwa vichwani. Ukumbi ukawapigia makofi. Mbele alikuwa mjomba Kyeremeh, mkubwa wa ukoo, na chupa mbili za msiba kwapani, anawatazama wapiga makofi kama wendawazimu. Nyuma yake, miguu mitupu, amelegea kama nguo iliyokamuliwa, Eno Pokuaa.

Dufie alisahau kupumua. Pamba ilimsaidia kusahau.

"Donkor," alinong'ona. "Zima. Mama yangu yuko hapo."

Donkor alikuwa upande wa pili, kwenye mashine, haoni, hasikii. Sinema ikaanza palepale penye kitanda, maana ndipo alipojua kuanzia.

Hapo ukumbi ukanyamaza, na Eno akamwona mwanawe. Amelazwa juu ya shaba, amevalishwa dhahabu, wanawake asiowajua wanamlilia. Ni video ya msiba. Eno alikuwa amezitazama nyingi, na kila aliyelala ndani yake alikuwa ameshazikwa. Kwa hiyo walikuwa wamemzika. Wamezika mtoto wa ukoo bila ukoo, wamemtangazia saa nane kumbe saa nane ni ya kumtazama tu.

Akasimama. Mjomba Kyeremeh alimvuta nguo, akajinasua. Akaliendea shuka, akaanza kusema na maiti kama wanawake wa kwao wanavyosema nao.

"Dufie. Dufie wa Pokuaa. Nani alikuosha? Nani alikupa maji ya mwisho, mimi sikuwepo? Ulisimama mlangoni kwangu nikakuangalia kwenye ufa wa ubao. Nilikuona. Ulivaa viatu vyekundu. Nilikuona, sikufungua."

Ukumbi ulifikiri ni sehemu ya onyesho, na lilikuwa onyesho bora kuliko walilolipia. Wanawake wakaanza kulia. Mzee mmoja alivua kofia. Nyuma ya shuka, hatua mbili tu kutoka kwenye kinywa cha mamake, Dufie alikuwa ameng'ata kiganja chake.

Akitoka, na sura hii, atamuua. Asipotoka, kuna lile jambo linalokuja, naye alilijua lilipo, alikuwa amelicheza mwenyewe: waliaji wanainama, kamera inatikisika, halafu...

Maiti ikafumbua macho.

Ukumbi ulitoa sauti moja, si ya watu, ya kitu kinachopasuka. Mabenchi yalipinduka. Machungwa yalikwenda chini, watu wakaenda juu ya machungwa. Mjomba Kyeremeh, mkubwa wa ukoo, mtu asiyekimbia hata mvua, alipita dirishani na chupa zake zote mbili, na dirisha hilo halikuwa limefunguliwa. Wafiwa kumi walimfuata kwa tundu lile lile.

Eno Pokuaa peke yake hakukimbia. Alikwenda mbele. Alilikumbatia shuka kwa mikono miwili, akaliegemeza shavu, uso mkubwa wa mwanawe ukimwangukia mabegani, macho wazi. "Njoo," alikuwa anasema. "Mama yupo. Kama unarudi, rudi, sijali umekuwaje. Njoo."

Na kupitia kitambaa, Dufie akamhisi.

Hakungoja taa. Alichomoa pamba, akajifuta unga kwa nguo ya maiti, akazidi kujipaka, akatoka pembeni. "Mama. Ni mimi. Mzima. Sijafa mama, ni mchezo." Waliokuwa wamebaki wamekwama chini ya mabenchi wakapata nguvu za kutoka.

Eno aligeuka. Alimtazama aliyesimama, akamtazama aliyelala. Hakurudi nyuma hata inchi. Alisogea, akaweka vidole viwili chini ya pua ya Dufie, akangoja, kama anavyopimwa mtoto aliyezaliwa kimya. Pumzi ikatoka. Ya moto. Akangoja ya pili.

Kisha akampiga kofi. Unga uliruka ukatanda kwenye mwanga wa mashine.

"Miaka miwili," Eno alisema, na sauti yake haikuwa ya kilio tena, ilikuwa imekauka kabisa, "miaka miwili nawaambia watu sina mtoto wa jina hilo. Alhamisi jioni dereva akaniletea karatasi inayosema kweli sina."

Dufie alipiga magoti. Alifungua kinywa kueleza mambo ya Donkor na mchapaji, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililotosha. "Niliijua asubuhi hii, mama," alisema mwishowe. "Saa nne. Nilitaka kuja. Nikaona foleni, nikabaki."

Eno aliinua mkono. Pengine angempiga tena.

Nje kelele zilikuwa zimegeuka. Watu waliokimbia walikuwa wanacheka, wanaonyeshana magoti yaliyochubuka, wanasimuliana, na waliosimuliwa walikuwa wanasukumana kuingia. Donkor alikuja akiruka juu ya ndara zilizotupwa, jasho linamtiririka, macho yamemtoka kwa furaha.

"Mama yangu, shikamoo! Wako mamia nje! Saa kumi tunarudia. Na kile kilio chako, pale uliposema nani alikuosha, ungeweza..."

"Huyu nani?" Eno aliuliza.

"Ndiye aliyeniua, mama," Dufie akasema.

Donkor aliliona jicho la Eno, akaokota ndara moja isiyo yake, akaenda kuitafutia mwenyewe.

Eno alimshika Dufie kiwiko akamwinua. Akalowesha pembe ya nguo yake nyeusi kwa mate, akaanza kumfuta unga, kwa nguvu, pua, kope, nyuma ya masikio, kama anayesugua sufuria. "Mtu aliyeliliwa yu hai lazima roho yake ilishwe," alisema akisugua. "Kiazi kikuu cha kupondwa na mayai. Leo, kabla jua halijazama. Ndani kwangu. Utaingia na nguo nyeupe safi, si matambara haya. Tulia!"

"Na wale wa saa kumi, mama?"

"Wakamtazame yule." Eno alionyesha shuka kwa kidevu, bila kugeuka.

Walitoka kwa mlango wa mbele, na foleni ikapasuka katikati, watu wakikanyagana kumpisha. Lori la wafiwa lilikuwa kivulini, injini inanguruma, mjomba Kyeremeh kajifungia mbele kwa dereva, kioo kapandisha, na chupa moja imeshafunguliwa.

"Mjomba," Dufie aligonga kioo. "Shikamoo. Ni mimi."

"Najua ni wewe!" mjomba alipiga kelele toka ndani. "Ndiyo maana sifungui! Panda nyuma!"

Nyuma wafiwa walijibana upande mmoja, lori likainama. Eno alipanda, akakaa katikati ya nafasi iliyobaki, akamvuta mwanawe chini kando yake. Hakusema naye tena, wala hakumtazama. Ila kiwiko hakukiachia, na lori lilipoanza kutikisika kwenda kusini, vidole vyake vilikuwa vimebana hivyo hivyo, vimeacha alama.