Kisanduku cha Sita

Kila Jumamosi, nikimaliza kupiga deki ukumbi wa shule, hukaa benchi la nyuma nikimsubiri mjukuu wangu. Hapo ndipo mwalimu wa filamu huwafundisha watoto. Kila mmoja hukunja karatasi ipate visanduku sita. Ndani picha, chini yake maneno ya anayesema. Yasizidi saba, na kabla hujayaandika uyatamke, mwenzako akuambie kama kweli mtu huongea hivyo.

Mjukuu alichora siku mama yake alipoondoka. Begi, viatu, mkono kwenye kitasa. Binti yangu alikuwa amepata kazi mbali, na baba yake, mume wangu, hana hata mwezi kaburini. Sikutaka aende. Akaniachia mtoto, akaenda. Mwaka wa tatu huu, akipiga simu ni ya mtoto tu.

Kisanduku cha sita nilikuwemo mimi, uso nimeukunja, mdomo wazi, chini patupu.

"Bibi, siku ile ulimwambia mama nini?"

Nilikuwa nimetoka kusali, Mungu anisamehe. Nikamjibu kwamba nilisema: Nenda salama mwanangu, Mungu akutangulie.

Alipoyasoma darasani, msichana wanayemwita Redio akauliza kama huyo bibi ni mtu au kadi ya harusi. Wakacheka mpaka basi. Mwalimu naye akasema taratibu kwamba hasikii mtu mwenye hasira hapo. Mjukuu wangu akang'ang'ana kuwa bibi kasema mwenyewe, na bibi hadanganyi. Mimi nilikuwa nakamua tambara. Nikaendelea kulikamua, na maji yalikwisha kitambo.

Filamu ikapigwa kwa simu ya mwalimu, Redio kajifunga kitambaa changu kichwani. Siku ya kuwaonyesha wazazi, binti yangu alikuja. Mtoto alikuwa amemsihi wiki nzima, akiamini mama akishaiona atarudi nasi nyumbani.

Alikaa karibu na mlango. Begi lilipotokea tu, machozi yakamtoka. Kisha Redio akafungua mdomo: "Nenda salama, mwanangu..."

Binti yangu akafuta macho. Akanigeukia, akanitazama kwa muda. Alikuwepo siku ile, anajua alichoambiwa. Filamu ilipokwisha akambusu mtoto, akasema ana safari, akatoka. Mlango aliurudisha polepole, hadi komeo likaingia.

Tulipofika nyumbani mjukuu alitandaza ile karatasi mezani.

"Bibi, hukusema vile."

"Sikusema."

Alifuta kwa raba hadi karatasi ikataka kutoboka, akanisukumia penseli. Mwandiko wangu ni ule ule wa shule ya msingi, mkubwa, wa polepole. Nikaandika: Funga mlango, vumbi linaingia.

Akayasoma kwa sauti, kama walivyofundishwa. Akayahesabu kwa vidole.

"Manne," akasema. "Haya mama angeyajua."

Akaikunja karatasi.