Kiu ya Kiatu

Mkurugenzi wa makumbusho alinipa hadi Ijumaa. Kama Kiatu hajachangamka, achomwe pini na kuwekwa kwenye droo pamoja na wenzake waliokauka.

Kiatu ni mbawakawa wa jangwani, mweusi wa kung'aa, miguu mirefu. Ndiye pekee aliyebaki hai katika chumba changu cha wadudu pale makumbusho, na nilimpenda kupita kiasi cha mtu mwenye akili timamu. Wiki mbili alikuwa hali wala hatembei. Kisahani cha maji, hata nikimsogezea, ni kama hakioni. Na mimi, mtunza wadudu mwenye cheti ukutani, kila asubuhi nilifuta kasha lake la kioo hadi likauke kabisa, maana mdudu wa jangwani na unyevu wapi na wapi?

Ijumaa saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshaandika kikaratasi cha droo, tarehe ya kufa na yote. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye mfuaji wa makoti yetu ya kazini, na hupigia pasi humo chumbani mwangu kwa kuwa soketi ya kwake ni mbovu. Hunichokoza tangu aolewe. Nilimwomba leo aniache, nikafunua kasha nimuage mgonjwa wangu.

Wifi akapulizia koti maji kwa ile chupa yake. Feni ikayapeperusha manyunyu hadi kwenye kasha. Nikaruka kulifunika, matusi yakiwa tayari mdomoni.

Kiatu akasimama. Akapanda kilima cha mchanga, akainamisha kichwa, akainua makalio juu, akatulia. Vitone vikakusanyika mgongoni, vikateremka hadi mdomoni.

"Wifi," akaniambia taratibu, chupa bado mkononi, "mgonjwa wako ana kiu tu."

"Puliza tena," nikamwambia.

Ndipo nikakumbuka ukungu. Huko kwao mvua ni ya kuhadithiwa, lakini alfajiri ukungu huingia kutoka baharini, nao mbawakawa hupanda matuta kuupokea kwa mgongo. Nilisoma hayo chuoni. Hata kwenye mtihani nilipata.

Mkurugenzi alipofika na pini yake, Kiatu alikuwa anakimbia huku na huko, na sisi tunacheka hadi machozi. Akauliza nani amemtibu. Wifi akanitazama kwa jicho la pembeni, akingoja nijisifu.

"Ni wifi," nikasema. Iliniuma kidogo, lakini furaha ilizidi.

Siku hizi kila asubuhi anapuliza yeye. Mimi nashika kifuniko.