Kura ya Mpishi

"Wanaokubali, mikono juu," alisema mwenyekiti wa kamati ya shule, na mkono wake ukatangulia.

Mpishi wa shule alikaa dawati la nyuma, magoti yamebanwa, nguo bado inanuka moshi. Mwenyekiti alikuwa kaka yake, tumbo moja. Ndiye aliyemlea wazazi walipofariki. Jana jioni alipita kwake, akakataa hata kuketi. "Dada, kesho usiniangushe."

Pendekezo lilisikika jepesi. Jiko liache kupokea mazao ya wazazi. Chakula chote kinunuliwe kwenye shamba moja kubwa, ng'ambo ya barabara, na kila mzazi achangie fedha. Hakuna tena mtama wa huyu na mihogo ya yule. Kwa mpishi ingekuwa nafuu, asipepete tena mpaka kifua kikambana.

Ila watu wa bondeni, waliohamia juzijuzi na lugha yao isiyoeleweka kwa wenyeji, hawakuwa na cha kutoa zaidi ya viazi vikuu. Kwa viazi hivyo watoto wao walipata sahani. Na mwaka jana, viwavi walipomaliza mahindi, shule nzima ilikula viazi hivyohivyo.

Mikono ikahesabiwa.

"Kura zimelingana. Umebaki wewe, mpishi."

Hakumwita dada.

"Naomba kuuliza." Sauti ilimtoka imekauka. "Mzazi mwenye viazi tu, mtoto wake atakula nini?"

"Hilo tutaliangalia baadaye."

"Baadaye hailiki," alinong'ona bibi mmoja karibu na dirisha. Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza ghafla, maana mwenyekiti hakucheka.

"Unakubali au hukubali?"

Mpishi akatazama vidole vya kaka yake juu ya meza. Utotoni vidole hivyo vilikuwa vikikwangua ukoko wa sufuria, vikampa yeye, huku mwenyewe akidai ameshiba. Laiti angeulizwa na mtu mwingine yeyote.

"Sikubali," alisema. "Kila mzazi aendelee kuleta anacholima. Na iwe kanuni ya shule, isiwe huruma ya mpishi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alikunja karatasi zake taratibu, moja baada ya nyingine.

"Haya. Imekataliwa."

Mlangoni alimpita dada yake bila kumwangalia. "Paa lako likivuja, waite hao wa bondeni."

Asubuhi moto ulikataa kushika. Mpishi alipuliza mpaka machozi yakamtoka, na hakujisumbua kuyafuta. Mama mmoja wa bondeni akaingia na tenga kichwani, akalitua, viazi vikiwa na udongo mbichi. Hawakuwa na neno la kuelewana. Yule mama akachukua kisu cha pili, akachuchumaa, wakamenya pamoja.

Kupitia dirisha, mpishi alimwona kaka yake getini juu ya baiskeli, mguu mmoja chini. Haingii, haondoki. Akasogeza kigoda chake hadi mahali ambapo kaka angeweza kumwona, akaendelea kumenya.