Mlinzi wa Vigingi

Tangu Rufus apewe kazi ya kulinda vigingi, hakukaa vizuri na watu. Nasema hivyo bila kumwonea. Mimi Kerubo nilipanga chumba kwa mama yake, Mama Poni, pale mtaa wa Hai Jalaba, Juba, nikifanya kazi benki. Kila asubuhi nilimwona Rufus akitoka na fulana yake ya rangi ya machungwa, filimbi shingoni, akipanda boda kwenda Rejaf, nje ya mji, kwenye shamba la marehemu baba yake.

Vigingi vyenyewe vilikuwa vijiti tu, vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Kampuni ilivipigilia kuonyesha njia ya bomba la gesi. Gesi itoke kwenye visima vya kaskazini, ipite Rejaf chini ya ardhi, ivuke mpaka, ifike pwani ya kwetu Kenya. Miaka ile baada ya mkataba wa amani, Juba ilijaa watu wenye ramani, na kila hoteli ya mahema kando ya mto ilikuwa na bwana fulani anayechora mstari. Mimi niliwacheka. Rufus hakucheka. Alikulia kambini Uganda, akarudi mikono mitupu, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyoipata katika nchi yake.

Sharti lilikuwa moja: ndani ya vigingi hakuna kuchimba mpaka bomba lilazwe. Si msingi wa nyumba, si kisima, si kaburi. Hilo la kaburi liliniudhi sana, maana watu wa kule huzika nyumbani. Baba yake Rufus amelala kando ya nyumba yake ya nyasi, katikati kabisa ya mstari ule, na Mama Poni alishasema kwamba yeye atalala ubavuni pa mumewe. Kiswahili hakukijua, kwa hiyo mimi aliniambia kwa vidole: akalaza kimoja mkekani, halafu cha pili kando yake, akacheka.

Wa kwanza kugongana na sharti hilo alikuwa Lado, jirani yao wa Rejaf. Mkewe alifariki akijifungua. Lado akaanza kuchimba uani kwake, ndani ya vigingi, na Rufus akapuliza filimbi. Mtu amefiwa, wewe unampulizia filimbi! Lado hakubishana. Alichukua jembe lake, akaenda kumzika mkewe kando ya barabara kuu, mahali pasipo na kigingi.

Rufus mwenyewe ndiye aliyenisimulia jioni hiyo, sahani ya asida, ugali wao, mbele yake.

“Kazi ni kazi, sista,” alisema. “Bomba ikikuja, watu yote itapata kazi. Hata Lado.”

Lakini asida hakuimaliza.

Kisha Mama Poni akaugua kifua. Tulimpeleka hospitali, tukamrudisha, na kabla ya mvua kuanza akatutoka. Turubai likafungwa uani, mikeka ikatandikwa, wanawake wakalia kwa Kibari, nami nikalia kwa Kikisii changu. Watu walimngoja Rufus aseme mama atazikwa wapi. Nikamvuta kando.

“Mpeleke Rejaf,” nilimwambia. “Wewe ndiye mlinzi. Nani atakupulizia filimbi?”

Alinionyesha kwa kidevu. Lado alikuwa amekuja kutoa pole, ameketi mwisho wa mkeka, mikono magotini.

“Yeye iko pale, sista. Anangoja kuona mimi nitachimba wapi.”

“Achana na Lado! Mama yako alisema nini?”

“Mimi najua ile mama alisema.”

Akamzika kwenye makaburi ya mjini, katikati ya watu wasiomjua, jina lake limeandikwa kwenye kipande cha bati. Nilitupa udongo wangu nikiwa nimemkasirikia mwanawe, hasira kweli kweli. Yeye alisimama pale na fulana yake ya kazi, kwa sababu nguo nyingine ya maana hakuwa nayo.

Mvua zilipokwisha, akaja Levi, mpima ardhi wa kampuni, Mkenya mwenzangu, mcheshi. Alisimamisha gari mlangoni, injini ikinguruma. Wenye pesa wamejitoa, alisema, na gesi iliyopatikana haitoshi hata kuwachemshia chai waliochora ramani. Alicheka peke yake. Akashusha makopo mawili ya rangi nyekundu yaliyobaki.

“Mtapaka milango,” alisema, akampa Rufus mkono, akaondoka.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilimgeukia Rufus, nikamwambia basi, sharti limekufa, sasa amrudishe mama nyumbani.

“Na bibi ya Lado?” aliuliza.

“Naye arudishwe. Wote warudishwe!”

“Greda ilipita, sista. Ile siku ya kupanua barabara.” Alikuwa anaangalia makopo. “Kaburi mafi, haiko tena. Hakuna kitu ya kurudisha. Sasa mimi nibebe yangu, nipite nayo mbele ya Lado?”

Nikayainua makopo, nikayaingiza ndani.

Miezi ikapita. Wakati wa kujiandikisha kwa kura ya maoni ya uhuru, Juba nzima ikiimba kwenye foleni, Rufus aliacha kurudi nyumbani. Nikachukua boda hadi Rejaf. Nilimkuta shambani kwa baba yake, amefyeka majani yaliyofunika mstari, amepiga magoti na brashi mkononi. Fulana ilikuwa imepauka. Mshahara ulikuwa umekatika siku nyingi. Ng'ambo ya mstari Lado alikuwa akipalilia mtama wake, hamtazami.

“Rufus, Levi alishakwenda kwao,” nilimwambia polepole. “Hakuna bomba.”

“Iko. Itakuja.”

“Nani amekwambia?”

Hatimaye aliniangalia, na nilitamani asingeniangalia.

“Lazima ikuje, sista. Ikikosa kuja, mama yangu inafanya nini kule mjini?”

Alichovya brashi, akasogea hadi kigingi kilichofuata. Kilisimama ubavuni pa kaburi la baba yake, pale pa kidole cha pili cha Mama Poni. Akakipaka rangi taratibu, pande zote.